Septemba 5: Birthday ya Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe

Septemba 5, 1946, mjini Unguja, alizaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa kusoma bweni India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko ndo akawa Freddie Mercury, sauti ya kundi la Queen. Bohemian Rhapsody ya 1975, ngoma ya karibu dakika 6 isiyo na kiitikio, ilikaa namba moja Uingereza wiki 9!

Alifariki Novemba 24, 1991, akiwa na miaka 45. Kwamba ana Ukimwi, alitangaza siku moja tu kabla.

Septemba 2006, sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 iliyopangwa Zanzibar ilifutwa, baada ya kundi la Kiislamu kuipinga kwa sababu ya mahusiano yake na wanaume. Miaka 10 baadaye, Septemba 5, 2016, ikatangazwa kuwa asteroidi namba 17473, iliyogunduliwa mwaka uleule aliofariki, imepewa jina lake.

Na nyumbani je? Makumbusho yake yalifunguliwa Mji Mkongwe 2019. Watalii wanalipia kuingia.