Fadhili William

Fadhili William Mdawida (11 Novemba 1938 – 11 Februari 2001) alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa kutoka nchini Kenya. Anafahamika hasa kwa wimbo wa "Malaika", aliourekodi pamoja na bendi yake ya Jambo Boys mnamo mwaka 1960. Ni yeye anayetajwa mara nyingi kuwa mtunzi wake, lakini jambo hilo linabishaniwa hadi leo.

Maisha

Alizaliwa Taita, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita-Taveta. Baba yake alifariki Fadhili akiwa bado mtoto. Alianza kuimba akiwa shule ya msingi, kisha akaingia katika muziki wa dansi wa Nairobi. Huko alifanya kazi na studio ya Equator Sound iliyoongozwa na Charles Worrod, ambako walipita pia Daudi Kabaka na Nashil Pichen. "Malaika" aliurekodi upya katika studio hiyo. Wimbo wake mwingine unaokumbukwa ni "Taxi Driver".

Uraia

Kwa kuwa "Malaika" mara nyingine huitwa wimbo wa Kitanzania, wapo wanaomdhania Fadhili kuwa Mtanzania. Jina lake lenyewe linajibu: Wataita kwa lugha yao hujiita Wadawida, na Mdawida ni mmoja wao. Ni kweli kwamba Taita-Taveta inapakana na Tanzania, lakini upande wa Fadhili ni wa Kenya.

Kuna pia wasikilizaji wa ng'ambo wanaodhani wimbo huu umetoka Afrika Kusini. Hao waliusikia kwa Miriam Makeba, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake. Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Baadaye uliimbwa na Hep Stars wa Sweden (1967), Boney M. (1981) na Angélique Kidjo wa Benin (1991), mbali na bendi za hoteli zisizohesabika katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Mabishano kuhusu utunzi

Mpinzani anayetajwa zaidi ni Adam Salim, mwanamuziki Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916. Inadaiwa kwamba aliutunga wimbo huo alipokuwa akiishi Nairobi mnamo 1945 na 1946, kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi hawakukubali aolewe naye. Ikiwa ni hivyo, Fadhili alikuwa na umri wa miaka saba hivi wimbo ulipozaliwa, na hawezi kuwa mtunzi wake wa kwanza. Maudhui hayatoi uamuzi: kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali ya mahari angeweza kuwa wa Moshi, wa Voi au wa Mombasa.

Wengine wanaotajwa ni Grant Charo, anayesemekana kuurekodi kabla ya Fadhili, na Lucas Tututu wa Mombasa.

Ili kuelewa kwa nini madai ni mengi hivi, inafaa kukumbuka hali ya wakati ule. Kenya na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza, na wanamuziki walivuka mpaka kutafuta kazi Nairobi. Nyimbo zilipita kutoka dansi moja hadi nyingine kwa kusikilizwa tu. Kila mwimbaji aliweza kuongeza ubeti au kubadili maneno. Mtu akiingia studio, jina lake ndilo lililochapwa kwenye santuri, hata kama wimbo aliusikia kwa mwenzake. Sheria ya Kenya yenyewe ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1966, wakati "Malaika" ulikuwa umeshafika Marekani.

Kwa hiyo kuna maswali matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: nani alitunga, nani aliufanya ujulikane kwa santuri, na nani anatambuliwa kupokea mirabaha. La pili halina shida kubwa. Rekodi ya Fadhili ndiyo iliyoueneza. La tatu pia lilimwendea yeye, kwa kuwa haki za wimbo ziliwekwa kwa jina lake. Lakini kutambuliwa katika karatasi za haki hakuthibitishi utunzi, na hapo ndipo watetezi wa Salim wanaposimama.

Miaka ya mwisho

Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi kabla ya kurudi Kenya. Alifariki Februari 2001 akiwa na umri wa miaka 62. Katika orodha nyingi za nyimbo jina lake bado linaandikwa kama mtunzi wa "Malaika". Katika nyingine limewekwa la Adam Salim, na nyingine tena zinauita wimbo wa jadi usio na mwenyewe, jambo ambalo hakuna hata mmoja wa wanaodai angelikubali.