Ahmad bin Naaman al-Kaabi, Mjumbe wa Seyyid Said

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanaadamu kuwa mataifa na makabila mbalimbali ili wapate kujuana. Ama baada ya hayo, jueni, enyi ndugu zetu wa Pemba, ya kwamba kuzijua desturi za mgeni ni elimu, na aliyeikosa elimu hiyo huona tusi pasipo tusi. Katika waliojaaliwa elimu hiyo ni Ahmad bin Naaman al-Kaabi, katibu wa Seyyid Said bin Sultan.

Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Mwaka 1840 akamtuma Ahmad huko katika merikebu yake, Sultana, iliyoundwa Bombay. Ndani yake mlikuwamo pembe za ndovu, tende, kahawa, ngozi, na karafuu, zao ambalo siku zile lilikuwa bado changa visiwani mwetu. Ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Watu wakajaa gatini kuwatazama mabaharia, kwani hawakupata kuona merikebu ya Waarabu bandarini mwao.

Ahmad alichukua hidaya za bwana wake kwa raisi wa Marekani, Martin Van Buren: farasi wawili, lulu, zulia, mafuta ya waridi, na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Raisi akajibu kwamba sheria ya nchi yake haimruhusu kujipokelea zawadi ya mfalme wa kigeni. Na sisi watu wa pwani twajua kwamba kukataliwa hidaya ni kuvunjiwa heshima. Lau Ahmad angalipima jambo lile kwa mizani ya kwao peke yake, angaling'oa nanga kwa hasira, na mkataba wa mabwana wawili ungaliharibika kwa sababu ya ada zilizohitilafiana.

Lakini yeye hakuondoka. Shauri likapelekwa mbele ya baraza kuu la nchi, nalo likatoa idhini hidaya zipokewe kwa ajili ya taifa. Baadhi yake zikauzwa, na fedha zikatiwa katika hazina ya serikali. Hivyo heshima ya mtoaji ikahifadhika, na sheria ya mpokeaji isivunjwe.

Wenyeji nao wakalipa wema. Sultana ilikuwa imechakaa kwa safari, wakaitengeneza katika karakana ya manowari zao kwa gharama ya serikali. Ikaondoka tarehe 9 Agosti, imesheheni bidhaa, zikiwamo zile nguo ambazo jina lake, merikani, limebaki katika lugha yetu, pamoja na zawadi za kumrudishia Seyyid. Ikawasili Unguja mwezi wa Desemba.

Wala msidhani kwamba Ahmad aliacha yake ili apendwe na watu. Mchoraji Edward Mooney alimchora huko huko New York, naye yumo katika kilemba na joho lake. Alifariki mwaka 1869.

Basi, ndugu zangu, msimu wa karafuu hutuletea wageni wa kila namna, wa bara na wa ng'ambo. Mmoja wao akikufanyia jambo lililokuudhi, usimhukumu kabla hujamwuliza sababu. Huenda unaloliona dharau kwako, kwake yeye ni amri ya sheria au adabu aliyofunzwa na wazee wake. Mwenyezi Mungu atuafikie kheri. Amin.