Karamojo Bell: Mwindaji aliyeangusha ndovu 1,000 kwa risasi ndogo

WAKUSANYAJI wa bunduki kongwe za uwindaji zilizoundwa Uingereza huzitafuta kwa udi na uvumba zile za mitutu miwili mikubwa, ambazo risasi yake moja hukijaza kiganja cha mkono. Hata hivyo, miongoni mwa bunduki wanazozienzi mno imo moja nyepesi, nyembamba na isiyo na madoido: Rigby ya .275.

Sifa za bunduki hiyo hazikutokana na ustadi wa fundi peke yake. Zilivumishwa na Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyewaua zaidi ya ndovu 1,000 barani Afrika, na ambaye jina lake la utani, Karamojo, lilitokana na eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda.

Bell alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na jiji la Edinburgh, Scotland, katika familia yenye mali. Wazazi wake wote wawili walifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Masomo hayakumvutia hata kidogo, na alipofika umri wa miaka 13 tayari alikuwa amejitosa katika kazi ya ubaharia.

Mnamo 1897, akiwa bado kijana mbichi, alifika Afrika Mashariki. Wakati huo Reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa kuelekea bara na simba walikuwa tishio kwa wajenzi. Bell alipata kibarua cha kuwawinda simba hao, akiwa na bunduki ya .303 ya kupakia risasi moja moja, iliyoundwa na Fraser wa Edinburgh.

Bunduki hiyo ilimpa somo ambalo hakulisahau. Katika joto la nchi hizi, maganda ya risasi yalinasa mtutuni baada ya kufyatuliwa. Tangu hapo aliamini kuwa uzuri wa bunduki si kitu iwapo risasi zake haziaminiki.

Kutoka hapa alielekea Klondike, Canada, ambako watu walikuwa wakifurika kutafuta dhahabu. Huko aliwinda wanyama ili kuwauzia wachimbaji nyama, lakini mshirika wake akamtapeli, naye akalazimika kuiuza bunduki yake. Alijiunga na askari wapandafarasi wa Canada waliotumwa Afrika Kusini kupigana na Makaburu katika vita vya 1899 hadi 1902. Alitekwa, kisha akafanikiwa kutoroka.

Katika vita hivyo Makaburu walitumia bunduki za Mauser za Ujerumani zenye risasi ya milimita 7. Kampuni ya Rigby, iliyoanzia Dublin katika karne ya 18 kabla ya kuhamia London, ilikuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza. Ilichukua mitambo ya Kijerumani, ikaifunga katika bunduki maridadi za uwindaji, na risasi ile ile ikapewa jina la .275 kwa kipimo cha inchi. Hivyo ndivyo silaha ya adui ilivyogeuka kuwa kipenzi cha mwindaji wa Kiingereza.

Bell alirejea Afrika Mashariki mwaka wa 1902, safari hii akitafuta pembe za ndovu. Alipitia Mbale na kuingia Karamoja, eneo ambalo misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikuwa imelizoea kabla yake. Wenyeji ndio waliomwonyesha njia, visima na makundi ya ndovu. Miongoni mwao alikuwa Pyjale, Mkaramoja aliyekuwa hodari wa kufuata nyayo, na ambaye Bell alimsifu sana katika maandishi yake.

Enzi hizo wawindaji wengi walibeba bunduki nzito. Ile ya .577, kwa mfano, ilikuwa na uzani wa zaidi ya kilo 5 na kurusha risasi ya karibu gramu 49. Risasi ya Bell ilikuwa na gramu 11 hivi.

Tofauti hiyo aliiziba kwa maarifa. Aliupasua mfupa wa kichwa cha ndovu kwa msumeno na kuuchunguza hadi akajua mahali ubongo ulipo, iwe mnyama amemwelekea, amesimama kando au anakwenda zake. Risasi ndefu, nyembamba na ngumu, isiyopasuka wala kupinda, ilipenya moja kwa moja hadi ubongoni. Ndovu alianguka papo hapo. Isitoshe, kwa kuwa mlio wake haukuwa mkubwa kama ule wa bunduki nzito, mara nyingi wenzake hawakutimka.

Kuhusu risasi alikuwa mchaguzi kupindukia. Alizithamini zile za Kijerumani za milimita 7 kuliko nyingine zote, maadamu hazikuwahi kumwangusha. Ya .318 ya kampuni ya Westley Richards, aliyoitumia pia, aliilalamikia kwa sababu ya hitilafu za risasi zake.

Hesabu aliyoiacha ni ndovu 1,011, takriban 800 kati yao wakiwa wameuawa kwa risasi ya milimita 7. Wengi mno walikuwa madume wenye pembe kubwa. Aidha, alikadiria kuwa kila dume mmoja alimgharimu mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa miguu. Aliwinda pia katika eneo la Lado kando ya Mto Nile, Liberia na makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Kati.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, alirudi Uingereza na kuwa rubani wa kijeshi. Alihudumu hata katika anga za Tanganyika na kutunukiwa nishani ya Military Cross. Baadaye alistaafu katika nyanda za juu za Scotland, akaandika vitabu na kuvichorea picha kwa mkono wake mwenyewe. Aliaga dunia mwaka wa 1954.

Baada ya kifo chake, mwandishi Mmarekani Robert Ruark, ambaye riwaya zake zilihusu Kenya ya wakati wa Mau Mau, aliinunua mojawapo ya Rigby zake na kumzawadi mtoto wa mwindaji Harry Selby. Bunduki ya aina hiyo hiyo ndiyo aliyotunukiwa Jim Corbett nchini India baada ya kumuua simbamarara mla watu wa Champawat mwaka wa 1907. Corbett alihamia Nyeri mwaka wa 1947 na kuzikwa huko mwaka wa 1955. Majina kama hayo ndiyo yanayoipandisha bei Rigby ya .275 kuliko bunduki nyingine za umri wake.

Ila sifa za Bell zilikuwa na madhara yake. Wengi waliomwiga kwa risasi ndogo hawakuwa na shabaha wala subira yake, wakawaacha wanyama na majeraha msituni. Ndiyo maana baadhi ya nchi za Afrika ziliweka kima cha chini cha ukubwa wa risasi kwa mtu anayewinda wanyama wakubwa.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Bell alimjua ndovu kuliko wengi wa enzi zake, na alijitahidi asimtese. Hata hivyo, maarifa hayo yote aliyatumia kumwondoa duniani, na pembe zikaishia sokoni Ulaya. Alifanya hivyo kisheria mahali pengi, na hilo linaonyesha jinsi sheria za wakati huo zilivyokuwa.

Sheria hizo zimebadilika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na mwaka wa 1989 Rais Daniel arap Moi akachoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Huko Karamoja, ambako Bell alipata jina lake, Mbuga ya Kidepo ilianzishwa mwaka wa 1962. Ndovu wangalipo humo, na wageni hulipa kuwatazama wakiwa hai.