Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal: Mjane Aliyejifunza Kusamehe Hatua kwa Hatua

Kila tarehe 12 Agosti Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal, aliyekuwa mke, mama, mjane na mwishowe mtawa mwanzilishi wa shirika. Katika parokia zetu jina lake halisikiki sana kama la Mtakatifu Monika au la Mtakatifu Rita, nayo ni hasara kwetu. Maisha yake yanagusa jambo linalowasumbua waamini wengi wanaosali Baba Yetu kila siku, yaani namna ya kumsamehe mtu ambaye moyo unakataa hata kumtazama usoni.

Alizaliwa Dijon, Ufaransa, tarehe 23 Januari 1572. Mama yake alifariki yeye angali mdogo sana, akalelewa na baba yake, Bénigne Frémyot, kiongozi katika mahakama kuu ya jimbo la Burgundy. Mwaka 1592 aliolewa na Christophe de Rabutin, Baroni wa Chantal, wakaishi katika ngome ya Bourbilly. Bibi arusi huyo wa miaka 20 alikuta nyumba imeelemewa na madeni na watumishi wakienda kila mtu kwa njia yake. Akaamka mapema, akashika hesabu za shamba mwenyewe, akarudisha utaratibu pamoja na sala ya pamoja. Maskini walipofika mlangoni alikuwa akiwagawia chakula, na wale waliozunguka na kurudi mara ya pili aliwatambua lakini hakuwafukuza, kwani alijiona yeye pia ni mwombaji anayerudi kila mara mbele ya Mungu. Ndoa yake ilikuwa ya upendo wa kweli. Watoto wawili walifariki wangali wachanga, wanne wakabaki.

Mwaka 1601, siku chache tu baada ya kujifungua binti yake wa mwisho, mumewe alikwenda kuwinda na jamaa yake. Kwa bahati mbaya bunduki ya jamaa huyo ikamjeruhi Christophe vibaya. Aliishi siku tisa. Katika siku hizo alimsamehe aliyempiga, akapokea masakramenti, tena akaagiza msamaha wake uandikwe katika kitabu cha kanisa ili mtu yeyote asije akalipa kisasi. Alikufa kama Mkristo anavyotakiwa kufa.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa maisha ya watakatifu hupita haraka, nami naona inafaa tusimame. Baroni alisamehe, akaenda kwa Mungu. Mkewe alibaki na miaka 29, watoto wanne yatima na kitanda kitupu. Hakuweza kusamehe kama mumewe. Alimsihi Mungu achukue vyote alivyokuwa navyo, mradi amwachie mume. Hakusikilizwa kwa namna aliyoitaka. Alikonda kwa huzuni, na kwa muda mrefu hakutaka kumwona yule jamaa. Si kwamba alimwombea mabaya. Alijua vema kwamba ilikuwa ajali, lakini kujua hivyo hakukumpunguzia uchungu, kama anavyofahamu kila aliyewahi kufiwa kwa kosa la dereva au la daktari.

Msalaba wa pili ukafuata. Baba mkwe wake, mzee mkali, alimtaka ahamie kwake Monthelon pamoja na watoto, la sivyo angewanyima urithi. Akahamia. Katika nyumba ile mwenye amri alikuwa mtumishi mmoja mwanamke, aliyeishi pale na watoto wake na kumdharau mjane waziwazi. Yoana alikaa humo zaidi ya miaka saba. Aliwafundisha watoto wa mwanamke yule pamoja na watoto wake mwenyewe, akawaosha na kuwavika. Kwa maoni yangu miaka ile ilikuwa migumu kuliko zile siku tisa. Pigo kubwa huja na kupita, lakini dharau ya jikoni hurudi kila asubuhi, na anayekosewa hapewi pole na jirani yeyote.

Katika Kwaresima ya mwaka 1604 alikwenda Dijon kwa baba yake, akasikiliza mahubiri ya Askofu wa Geneva, Mtakatifu Fransisko wa Sales. Wakati huo Yoana alikuwa na kiongozi wa kiroho aliyemfunga kwa nadhiri za kumtii, kutombadili na kutofungua moyo wake kwa mwingine, tena alimbebesha sala na mifungo mingi kupita kiasi. Askofu Fransisko alimweka huru na vifungo hivyo. Alimfundisha kumtumikia Mungu kwa utulivu, katika saa na kazi zilizo mbele yake, bila kuwatesa walio karibu. Watumishi wa nyumbani waliiona tofauti: walisema kwamba kiongozi wa kwanza alimfanya bibi yao asali mara tatu kwa siku, na nyumba nzima ikachoka; huyu wa pili anamfanya asali wakati wote, wala hakuna anayesumbuliwa. Sijui kipimo kizuri kuliko hicho cha ibada ya mtu mwenye familia.

Likaja suala la yule jamaa. Yoana aliuliza kama amtafute. Jibu la askofu lilikuwa la mchungaji anayejua udhaifu wa binadamu. Hakumlazimisha kumtafuta wala kuchagua siku. Ila kama mtu huyo angekuja mwenyewe, alimtaka ampokee kwa moyo mpole, wenye huruma, hata kama moyo huo ungetikisika na damu kuchemka. Hakuhesabu mtikisiko huo kuwa dhambi. Katika mafundisho ya Kanisa, msamaha ni tendo la hiari inayosaidiwa na neema. Hisia hufuata nyuma, pengine kwa kuchechemea. Wapo waamini wanaojinyima Ekaristi kwa miaka kwa sababu bado wanaumia, wakidhani maumivu yenyewe ni chuki. Askofu huyu angewatuma waungame, wamwombee aliyewakosea, wamsalimie wakikutana, na mengine wamwachie Mungu.

Yoana alimpokea yule jamaa. Na baadaye, mtu huyo alipopata mtoto, Yoana alikubali kuwa mama wa ubatizo. Alisimama kwenye kisima cha ubatizo pamoja na mtu aliyemfanya mjane, mahali ambapo sisi sote huingizwa katika wokovu bila kuwa na stahili yoyote, akaahidi kumlea mtoto wake katika imani.

Tarehe 6 Juni 1610, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alianza huko Annecy, pamoja na Fransisko wa Sales, Shirika la Maamkio ya Bikira Maria. Lilipokea hata wajane na wanawake wenye afya dhaifu, ambao kwingine walikataliwa. Kuondoka kwake nyumbani kulikuwa na machozi: mwanawe Celse-Bénigne, kijana bado, alijilaza kizingitini kumzuia, naye akampita akilia. Wengine wamemlaumu kwa hilo hadi leo. Ikumbukwe kwamba alikuwa amekwisha kumpangia kijana malezi kwa babu yake, na kwamba hakuacha kufuatilia mambo ya watoto wake kwa barua na safari.

Fransisko wa Sales alifariki mwaka 1622, Celse-Bénigne akauawa vitani mwaka 1627. Kwa miaka mingi Yoana aliteswa pia na giza la ndani na vishawishi dhidi ya imani, huku masista wakimwona mama mchangamfu asiyekosa saa ya sala. Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyemfahamu kwa karibu, alishuhudia mateso hayo ya siri. Alipoaga dunia huko Moulins tarehe 13 Desemba 1641, shirika lilikuwa na nyumba zaidi ya 80. Mwili wake ulipelekwa Annecy, alikozikwa askofu aliyemfundisha kutomtafuta adui yake, bali kumfungulia mlango atakapobisha.