Kapteni Grant na Mimea ya Karagwe

Tuliosoma historia shuleni tunayakumbuka majina Speke na Grant, daima mawili pamoja, na Grant daima wa pili. Speke aliuona mto Nile ukitoka ziwani mwezi Julai 1862, na Grant hakuwapo. Lakini ipo kazi moja aliyoifanya Grant ambayo sisi wa Karagwe na Kyerwa twapaswa kuijua, maana inahusu majani tunayoyakanyaga kila siku.

James Augustus Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji wa Nairn, Scotland, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa parokia. Alisoma Aberdeen, akaingia jeshi la India mwaka 1846, na katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857 alijeruhiwa vibaya mkono. Mwaka 1860 alifika Unguja pamoja na Speke, na Oktoba msafara ukaondoka pwani. Njiani waliteswa na homa, madai ya hongo na wapagazi kutoroka. Walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, wakapokewa kwa ukarimu ambao wote wawili waliusifu sana katika vitabu vyao.

Haukupita muda mrefu, mguu wa Grant ukavimba, kisha ukatoa vidonda. Madaktari waliosoma maelezo yake miaka mingi baadaye wanadhani ulikuwa ugonjwa uitwao leo kidonda cha Buruli. Waganga wa hapa walimpaka dawa na kumchanja. Januari 1862 Speke alikwenda Buganda akamwacha. Grant alikaa Karagwe mpaka Aprili, na hata siku ya kuondoka alibebwa kwenye machela.

Basi mtu wa namna hiyo anakusanyaje mimea? Kazi yenyewe yahitaji subira kuliko nguvu. Mmea hulazwa katikati ya karatasi, ukakandamizwa, na karatasi zikabadilishwa mara kwa mara mpaka ukauke. Mvua ikiingia, ukungu unakula kila kitu. Mvua ikikosa, wadudu wapo. Tena jani peke yake halitoshi. Lazima lipatikane ua, na ikiwezekana tunda na mbegu, kwa sababu jani hudanganya. Mimea miwili isiyo na undugu wowote yaweza kuwa na majani yanayofanana kama mapacha.

Hapo ndipo penye utamu wa elimu hii. Zamani hizo Linnaeus wa Sweden alikuwa amekwisha kuigawa mimea kwa kuhesabu sehemu za kiume na za kike ndani ya ua. Wataalamu wa siku za Grant waliona kuhesabu peke yake hakutoshi, wakatazama umbo zima. Kwanza walitenga mimea isiyo na maua wala mbegu, kama kangaga. Kisha wakatazama mbegu: ina jani moja la kwanza, au mawili? Katika kibanja, mgomba na maharage hukaa pamoja kama jamaa, lakini kwa hesabu hii wako mbali sana. Mgomba ni wa jani moja, jamaa wa tangawizi. Haragwe huchomoza na majani mawili. Kahawa nayo ni ya majani mawili, hata hivyo si ndugu wa karibu wa haragwe. Vipande vya ua la haragwe havikuungana vyote. Ua la kahawa limeungana chini likawa kama mrija. Zaidi ya hayo, kifuko cha mbegu cha kahawa kiko chini ya ua. Atakayechuma buni na atazame ncha yake: ataona kovu dogo kama kitovu. Hapo ndipo ua lilipokaa.

Omubilizi, mchungu wetu wa kutibia homa, una mambo hayo mawili kama kahawa, lakini unakwenda mbele zaidi. Kile tunachokiita ua lake si ua moja, bali ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyokaa pamoja juu ya kikalio kimoja, na kila kimoja huzaa mbegu yake yenye manyoya ya kurushwa na upepo. Alizeti ni wa ukoo huohuo, ingawa mbegu zake hazina manyoya hayo. Mmoja wa jamaa wa karibu wa omubilizi ulipewa mwaka 1877 jina Vernonia karaguensis, yaani wa Karagwe.

Grant alirudi Uingereza mwaka 1863, na mimea yake ikapelekwa Kew, karibu na London. Mwaka 1864 alitoa kitabu cha safari yake, na mwaka huohuo Speke akafa kwa ajali ya bunduki. Uchambuzi wa mimea uliongozwa na Profesa Daniel Oliver, nao ulichukua miaka. Ulichapwa kati ya 1872 na 1875, pamoja na picha 136. Mimi nampenda Grant kwa jambo moja hasa: aliweka humo orodha ya majina ya mimea kama alivyoyasikia kwa wenyeji njiani, kwa mpangilio wa alfabeti, pamoja na maelezo yake mwenyewe. Angeweza kuyaacha, maana Kew haikuyahitaji ili kuipanga mimea. Lakini majina hayo yalitoka vinywani mwa watu waliojua lipi lalika na lipi laua, na mtu aliyelala na mguu mbovu hana budi kuwauliza wanaopita.

Mwaka 1868 alitumika tena jeshini, katika vita vya Uhabeshi. Alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892. Mimea aliyoikausha ingali Kew, na mingine imeandikwa Karagwe.