Louis Pasteur, Aliyetenga Kuume na Kushoto

Louis Pasteur alizaliwa katika mji wa Dole, nchi ya Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822. Baba yake alikuwa askari wa Napoleon, na vita vilipokwisha alifanya kazi ya kutengeneza ngozi. Hakuwa tajiri, lakini alitamani sana mwanawe apate elimu. Mwaka 1838 Louis alipelekwa Paris, akashikwa na huzuni ya kukumbuka kwao hata ikambidi kurudi. Walakini hakukata tamaa. Mwaka 1843 aliingia chuo kikubwa cha walimu katika mji ule ule, akajitia katika elimu ya kemia.

Siku zile wataalamu walikuwa na fumbo. Katika mashapo ya divai hupatikana asidi iitwayo tatariki. Mwanga ambao mawimbi yake yamewekwa katika mstari mmoja, ukipita katika maji ya asidi hiyo, mstari wake hugeuka kuelekea kuume. Lakini palikuwa na asidi ya pili, iliyofanana nayo kwa uzito na kwa vitu vilivyoifanya, ila haikuugeuza mwanga hata kidogo. Hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 1848 Pasteur, kijana wa miaka 25, alitengeneza chumvi ya asidi ile ya pili, akaiacha igande, akazitazama chembe zake kwa makini. Kumbe zilikuwa namna mbili! Nyingine zilikuwa na kipande kilichokatwa upande wa kuume, na nyingine upande wa kushoto, mfano wa jozi ya viatu: vyafanana kwa kila kitu, lakini cha kushoto hakiufai mguu wa kuume. Akazitenga moja moja, kama achaguaye mchele, akaziyeyusha mbali mbali. Namna moja iliugeuza mwanga kuume, ya pili kushoto. Zilipochanganywa sawasawa, kila moja iliivunja kazi ya mwenziwe. Fumbo likafumbuliwa.

Mzee Jean-Baptiste Biot, mtaalamu wa mwanga, alikuwa na shaka. Akampa Pasteur asidi aliyoipima mwenyewe, akataka kazi yote ifanywe mbele ya macho yake. Yule mzee alipoona mwanga umegeuka kushoto, alimshika kijana mkono kwa furaha kuu.

Baadaye Pasteur alitambua kwamba vitu vyenye uhai hupendelea upande mmoja, maana kuvu fulani ilikula asidi ya kuume ikaiacha ya kushoto. Aliamini pia kwamba ulimwengu wenyewe una upande wake. Akajaribu kwa sumaku kuzipotosha chembe zinapoganda, akazungusha mimea kwa mtambo kama wa saa, yote hayakufaulu. Akashika kazi nyingine, na mwaka 1885 chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilimsitiri na mauti mtoto aliyeumwa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, asijue kama imani yake ilikuwa kweli.

Miaka zaidi ya 60 ikapita. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu, mwanamke mzaliwa wa China aliyefanya kazi Marekani, alitangaza jambo aliloliona katika atomu za kobalti zilizopozwa mno: chembe zilizotoka ndani yake zilielekea upande mmoja zaidi kuliko wa pili. Nguvu moja ya asili haizitendei kuume na kushoto sawasawa. Kwa sababu hiyo hata molekuli mbili zilizo kama jozi ya viatu hazina budi kutofautiana kidogo mno kwa nishati. Hesabu zaonyesha kwamba tofauti hiyo huzidi sana penye metali nzito, kama reniamu na osmiamu. Hata katika miaka ya 2020 wataalamu walikuwa wakiitafuta katika molekuli za namna hiyo, kwa vipimo vyembamba kupita kiasi.

Hivyo sumaku za Pasteur hazikuifaa kazi ile, lakini swali lake lilikuwa swali jema, na wengine walilipokea.