Marehemu Allidina Visram, Tajiri wa Bagamoyo na Kampala

Katika Waislamu waliofungua njia za biashara kutoka pwani mpaka Uganda, ni wachache waliovuma kama marehemu Allidina Visram. Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, Bara Hindi, katika jamaa ya Khoja Ismailia. Kutch ni nchi kavu, mvua zake ni haba, na tangu zamani vijana wake wamezoea kupanda majahazi na kufuata upepo wa kaskazi mpaka Unguja na mrima. Naye Allidina alipanda jahazi mwaka 1863, umri wake miaka 12, akafika Bagamoyo. Mtoto wa umri huo hakuweza kuja na elimu kubwa, na rasilmali hakuwa nayo. Yote aliyoyajua baadaye aliyasoma dukani na njiani.

Huko Bagamoyo akapata kazi, na miaka ya kujifunza kwake ilikuwa chini ya Sewa Haji Paroo, Khoja mwenziwe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafanya biashara wa mji ule. Bagamoyo wakati huo ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya Wanyamwezi iliteremka na pembe za ndovu, ikapanda na amerikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na safari ya kwenda Tabora ilichukua kama miezi mitatu. Katika kazi hiyo hasara ilikuwa karibu kuliko faida, maana ushanga uliotakiwa nchi moja ulikataliwa nchi ya pili, na mtu aliyefunga mizigo kwa kukisia alirudi nayo kama alivyoondoka nayo, baada ya kuwalisha watu mamia njia nzima. Karani mwema alilazimika kujua kila kabila linapenda nini, mto gani haupitiki masika, na mkuu gani anatoza hongo kiasi gani. Hapakuwa na kitabu cha mambo hayo. Ilikuwa ni kuuliza wapagazi, kusikiliza, kuandika daftarini, na kukumbuka.

Sewa Haji mwenyewe hakuwa mtu wa kununua na kuuza tu. Mwaka 1892 alitoa nyumba ya ghorofa katika Bagamoyo iwe shule, akaikabidhi serikali ya Wadachi kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe humo, weusi kwa weupe, bila kubagua dini. Sharti hilo kwa zama zile lilikuwa jambo la ajabu. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali katika Dar es Salaam, na jina lake lingali linakumbukwa katika hospitali ya Muhimbili. Allidina aliyaona haya kwa macho yake.

Kabla ya miaka ya 1870 kwisha, Allidina alikuwa ameanza kutuma misafara yake mwenyewe. Aliendelea polepole, kama ilivyokuwa desturi ya watu waliolelewa katika biashara ya misafara. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya biashara ya bara ikaangukia mikononi mwa Allidina. Lakini urithi huo ulikuja wakati mbaya. Wadachi walikuwa wamekwisha kuhamisha makao ya serikali kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na huko Mombasa, mwaka 1896, Waingereza walianza kutandika reli ya kwenda Uganda. Kila mwenye akili alitambua kwamba gari moshi likifika ziwani, mpagazi wa Bagamoyo hatakuwa na kazi. Kutambua ni jambo moja, na kuondoka ni jingine. Wako matajiri wa Bagamoyo waliobaki vibarazani wakingoja misafara irudi, nayo haikurudi.

Allidina aliifuata reli. Wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na watu hao walitaka mchele, unga, dengu, samli na viungo. Yeye akachukua kazi ya kuwapelekea chakula, na reli ilipofika mahali, duka lake lilikuwa limefika au liko njiani. Hakungoja hata reli imalizike. Mwaka 1898 alikuwa amekwisha kufungua duka Kampala, na reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Katika miaka michache matawi yake yakaenea Kisumu, Entebbe, Jinja na sehemu nyingine nyingi za Uganda, na majahazi yake yakapita ziwani.

Ni katika Uganda ndipo ilipoonekana akili yake hasa. Watu wa huko walikuwa wakitumia kauri kwa fedha. Kwa Mapatano ya mwaka 1900, kila nyumba katika Buganda ikatakiwa kulipa kodi ya rupia 3. Lakini mkulima angezipata wapi rupia, na pembe za ndovu zilikuwa za wakubwa? Allidina akaanza kununua vitu ambavyo wafanya biashara wa misafara hawakuvijali, kwa kuwa havikustahimili gharama za mpagazi: ngozi, ufuta, njugu, pilipili, na baadaye pamba. Reli ndiyo iliyovifanya vitu hivyo viwe na bei. Mkulima akauza mzigo wake wa ufuta, akapata rupia, akalipa kodi, na zilizobaki akanunulia nguo na chumvi katika duka lile lile. Faida ilimrudia Allidina mara mbili, jambo ambalo halina haja ya kufichwa. Lakini na mkulima alipata soko ambalo jana halikuwapo. Benki nayo haikuwapo katika Uganda mpaka mwaka 1906. Hata maofisa wa serikali walilitegemea duka la Allidina kupata fedha taslimu, na hati yenye sahihi yake ilikubaliwa mahali palipokuwa mbali sana na Mombasa.

Maduka mengi namna hiyo hayaendeshwi na mtu mmoja. Aliwaita vijana kutoka Kutch na Gujarati, wengi wao kama yeye alivyokuwa, wadogo na maskini. Kijana alianza kwa kufagia na kupima nguo. Akajifunza Kiswahili, na Kiganda kama yuko Buganda, kisha akafundishwa daftari: kuandika kinachoingia na kinachotoka kila siku kabla ya kulala, na kufunga hesabu. Aliyeonekana mwaminifu alipewa duka dogo mbali na mji, na baada ya miaka alipewa bidhaa kwa mali kauli, bila fedha mkononi, afungue duka lake mwenyewe, alipe akisha kuuza. Ndivyo walivyoanza wengi wa wenye maduka ya vijijini katika Uganda. Mtu wa hesabu za haraka angesema kwamba Allidina alikuwa akijitengenezea wapinzani. Kwa kweli alikuwa akijipatia wateja, kwani kila duka jipya lilinunua bidhaa kwake na kumletea mazao ya mahali ambapo yeye asingefika.

Hakuridhika na kununua na kuuza. Kwa kuwa mazao ghafi hulipa kidogo na kubeba gharama nyingi, aliweka viwanda: vya kuchambua pamba, vya kukamua mafuta ya ufuta na ya nazi, cha sabuni, vya kupasulia mbao, na karakana za samani. Alilima mashamba ya kujaribu miwa, mpira, pamba na matunda. Majaribio mengine hayakuleta kitu, akayaacha. Mengine wakayaendeleza watu wa baada yake, nao wakatajirika zaidi yake. Sadaka zake zilifika pande zote, na inajulikana kwamba hata ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe aliuchangia, yeye aliyekuwa Mwislamu.

Lakini sifa za marehemu hazina haja ya kufunika upungufu wa kazi yake, na upungufu ulikuwapo. Elimu ile ya daftari na mali kauli ilitolewa kwa vijana waliotoka Bara Hindi. Waganda, Wasoga na Wanyamwezi walibeba, walilima, waliuza mazao yao mbele ya meza ya duka, na ni nadra sana walioitwa kupita nyuma yake kufundishwa hesabu. Sewa Haji alikuwa ameweka sharti la milango wazi katika shule yake. Mwanafunzi wake hakulichukua sharti hilo dukani. Makampuni ya Kizungu nayo hayakufanya vizuri zaidi, lakini hilo si udhuru. Uchungu wa jambo hilo ulionekana katika Uganda miaka mingi baada ya yeye kufa.

Upungufu wa pili ulikuwa ndani ya nyumba yake. Biashara nzima ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Alijua mwenyewe nani anadaiwa nini na nani hulipa akichelewa lakini hulipa. Alikuwa akisafiri daima, kutoka Mombasa mpaka ng'ambo ya ziwa, akikagua matawi kwa macho yake, hata katika uzee. Mwaka 1916 homa aliyoipata safarini ikamshika, naye akafariki Kampala, umri wake yapata miaka 65. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwanawe, Abdulrasul Allidina Visram, akapokea mzigo ambao pengine hapana mtu angeweza kuubeba. Vita vilikuwa havijakwisha. Vilipokwisha, bei ya pamba ikaanguka, na katika miaka ya 1920 na 1921 serikali ikabadili fedha, kutoka rupia kwenda florini, na kutoka florini kwenda shilingi, mabadiliko yaliyovuruga hesabu za kila mwenye kudai na kudaiwa. Nyumba iliyosimama juu ya mali kauli haikuwa na ngome mbele ya misukosuko kama hiyo. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na biashara ile kubwa ikasambaratika. Maduka yakachukuliwa na watu wengine, mara nyingi wale wale waliofundishwa kazi humo.

Hata hivyo, kabla ya kufa, Abdulrasul alikuwa ametoa mali ya kujenga shule katika Mombasa kwa ukumbusho wa baba yake. Ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1923, ikaitwa Allidina Visram. Fedha zile zingeweza kutiwa katika biashara iliyokuwa ikizama, na wadai wa wakati ule huenda waliona hivyo. Zingalizama pamoja nayo. Kwa miaka mingi shule ilikuwa ya watoto wa Kihindi, kama sheria na desturi za ukoloni zilivyotaka. Kisha uhuru ukaja, ubaguzi ukaondolewa, wakaingia watoto wa Kimijikenda, wa Kiswahili, wa Kiarabu, na wa kutoka bara, wakakaa dawati moja na wajukuu wa wenye maduka. Shule ingalipo Mombasa, ingali inasomesha, na jina lililo mlangoni ni la mtoto aliyeshuka pwani akiwa na miaka 12.

Na ile nyumba ya ghorofa ya Sewa Haji katika Bagamoyo, iliyotolewa kabla ya reli na kabla ya rupia kufika Uganda, nayo ilidumu kuwa shule muda mrefu baada ya misafara kusahauliwa.